Usiitike Mtaa wa Mashimoni

Harufu ya jiwe bichi ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Aprili, mwezi ambao mji wa San Eligio hauoni hata tone la mvua, lakini Otilia alipowafikisha wageni wake kwenye kichochoro cha Mtaa wa Mashimoni, pua yake ilijaa ubaridi wa udongo uliotoka kuchimbwa, umechanganyika na moshi wa mishumaa. Akadhani ni mtaro wa maji machafu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu katika mitaa ya kale ya wachimba madini ya fedha, kuanzia uwanja wa kanisa kuu, kupitia kwa masonara, kupanda ngazi za waponda mawe, hadi huko juu ambako nyumba zimekalia mashimo matupu. Mdomo alikuwa nao, na wageni walimpenda.

Hapo ndipo alipoitwa. "Otilia." Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, na ilitoka chini ya mawe aliyoyakanyaga.

Naye akaitika, "Mande?"

Msimlaumu. San Eligio, mtoto akiitwa na mkubwa akajibu "Nini?" hula kofi kabla hajafunga mdomo. Huitika "mande", yaani niamuru, kama Mswahili anavyoitika labeka. Mama yake, Bi Herlinda, mjane mwenye ulimi mkali, alimvuta masikio kwa ajili ya neno hilo tangu anaota meno, na alijigamba mtaa mzima kwamba binti yake ana adabu kuliko watoto wa daktari.

Siku hiyo Otilia alirudi nyumbani na vumbi la kijivu magotini, wala hakukumbuka kupiga magoti popote. Wiki iliyofuata, wageni wakiwa wanacheka na kupiga picha, aliacha njia, akasukuma lango lenye kutu, akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa shimo la zamani, na kama bibi mmoja wa msafara hangemkamata mkono angekanyaga hewa. Wageni walidhani ni mchezo, wakapiga makofi.

Mama yake alimpeleka kwa Bi Crispina, mganga anayepitisha yai na majani ya ruda mwilini mwa mgonjwa. Yai lilipopasuliwa kwenye glasi ya maji, kiini kilitoka cheusi, na chumba kizima kikanuka jiwe bichi.

Bi Crispina alimuuliza Otilia kama ameitwa kule Mashimoni, na aliitikaje. Alipoambiwa, alifumba macho. Kisha akawaeleza kwa kunong'ona kwamba enzi za wafalme wa Uhispania kulikuwa na msimamizi aliyeinama kwenye mdomo wa shimo akiwaita watu kwa majina, nao waliitika "mande" wakashuka, na wengi hawakupanda tena. Msimamizi alikufa. Kilichobaki chini ni jini lililojifunza kuita kwa sauti yake.

"Halina mikono," alisema. "Lina ruhusa uliyolikabidhi. Likiita tena, jibu 'Nini?', tena kwa ufidhuli. Ukisema mande mara ya pili, utashuka."

"Na akishindwa?" aliuliza Bi Herlinda.

"Linachukua mmoja tu. Atapona tu mwingine akimtangulia kuitika."

Bi Herlinda alimshika bintiye mkono, wakarudi nyumbani.

Basi mama wa watu akageuka mwalimu wa utovu wa adabu. Alimwita bintiye kutoka jikoni, uani, hata chooni, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, naye akagonga meza kwa mwiko.

"Sema nini, mwanangu. Nijibu kama mtoto wa mlevi."

"Mdomo unanitangulia, mama."

Walicheka mpaka Otilia akalia. Bi Herlinda alimfuta machozi kwa aproni na kumwambia kosa ni lake mwenyewe, aliyemfunza.

Jumapili mchana, jua likiwa limejaa dirishani, maharagwe yakitokota na redio ya jirani ikiimba, harufu ile ikaingia, kwanza kidogo, kama kitambaa kibichi kilichosahaulika pembeni, kisha ikaifunika harufu ya maharagwe, ikaizima hata redio, au ndivyo ilivyoonekana, maana hapakusikika tena kitu ila pumzi ya mtu chini ya mafiga, na pumzi ile ikawa jina, na jina lilikuwa Otilia.

Otilia alifungua mdomo. Mama yake aliruka akauziba kwa kiganja, akaihisi midomo ya mwanawe ikikutana kuitamka herufi ya kwanza.

"Mande?" aliitika Bi Herlinda.

Kisha, kwa upole ule ule: "Herlinda."

Alivua aproni, akaikunja, akatoka. Otilia alimng'ang'ania sketi, akaburutwa hadi kizingitini, kwa nguvu ambazo mwanamke yule hakuwa nazo asubuhi, mpaka kitambaa kikachanika mkononi mwake. Bi Herlinda akashika ngazi za kwenda Mashimoni, na vumbi la kijivu lilikuwa tayari kwenye visigino vyake.

"Mama!" aliita Otilia. "Mama!"

Majirani wote walisikia, wakachungulia. Bi Herlinda hakugeuka, wala hakuitika.