Zamu ya Rangi ya Kijivu

Fundi alikuwa amepiga magoti akideki chini ya cherehani yake, huku akiokota pini kwa kidole kilicholowa kabla hazijaingia miguuni mwa watoto, simu ilipoita juu ya meza. Alikuwa wifi yake, yule msusi anayekaa ng'ambo ya barabara.

"Wifi, umekaa?"

"Nadeki. Sema."

"Mume wa Mama Pacha amefariki. Saa nne na nusu hivi. Amesimamisha lori kwenye taa nyekundu, akalaza kichwa juu ya usukani. Taa ikawaka kijani, wenzake nyuma wanapiga honi, mwenyewe hayupo."

Fundi akakaa palepale kwenye maji machafu. Dereva yule alikuwa mzima jana. Jana jioni alikuwa amembeba Chiriku, mtoto wa mwisho wa Fundi, mabegani hadi mlangoni, akilalamika kwamba mtoto ana kilo za gunia na maneno ya redio.

"Leo Jumanne," Fundi alisema baadaye. "Ilikuwa zamu ya Mama Pacha."

"Watoto nitawachukua mimi," Wifi akajibu haraka, akakata.

Mtu mwingine angelia kwanza. Fundi alikausha mikono kwenye gauni, akafungua kalenda. Kulia kungengoja, watoto wake watatu kusahauliwa shuleni hakungengoja.

Kalenda hiyo waliianzisha wao watatu, Fundi, Wifi na Mama Pacha, ili wagawane zamu za kupeleka watoto shule na kuwarudisha. Kila mmoja aliiunganisha kwenye simu yake na kuchagua rangi. Fundi kijani, Wifi njano, Mama Pacha bluu. Ilianza na zamu tu. Lakini Fundi kichwa chake kilikuwa kimejaa, akaanza kuandika kila kitu humo: kliniki, siku ya kung'oa jino, saa ya kuoga, hata saa ya Chiriku kulala mchana. Wifi alimcheka. "Siku moja utatuandikia na saa ya kupiga chafya."

Sasa Fundi alitafuta bluu ya Jumanne aigeuze njano. Chini yake akakuta mstari wa kijivu.

Hakuna aliyekuwa na rangi ya kijivu.

Uliandikwa: Mume wa Mama Pacha. Saa nne na nusu asubuhi. Basi, hakuna kingine. Aligusa aone uliandikwa lini. Wiki mbili zilizopita.

Akateremka hadi Alhamisi. Kijivu tena. Saa kumi na mbili na robo jioni. Chiriku.

Alifunga simu, akaifungua upya, kama mtu anayeonja chumvi mara ya pili. Jina bado lilikuwepo. Akagusa orodha ya walioungwa. Walikuwa wanne. Wa nne hakuwa na jina wala picha, ila duara tupu la kijivu na maneno mawili: anaweza kubadilisha. Amealikwa na Wifi.

* * *

Saluni ilikuwa haina wateja. Wifi alikuwa akitoa nywele kwenye vitana, na alipomwona Fundi mlangoni hakuuliza amefuata nini.

"Ni nani?" Fundi alinong'ona.

"Mteja. Mama mtu mzima. Alikuja hapa binti yangu alipokuwa akizimia kila siku na hospitali hawaoni kitu. Akasema atamwangalia. Hakutaka chochote, wifi. Alitaka tu nimuunge kwenye kalenda, ajue siku zetu."

"Ukamuunga."

"Kulikuwa na machaguo mawili, kuona tu na kubadilisha. Akaniambia bonyeza hiyo ya pili. Mtoto wangu hajazimia tena tangu siku ile."

"Na ya dereva?"

"Kaandika yeye. Niliiona, sikujua ni ya nini. Naapa sikujua."

"Na ya Chiriku?"

Wifi aliendelea kuvuta nywele kwenye kitana, ingawa kilikuwa kimeshakuwa safi. Fundi akagusa mstari ule, akamwekea simu mbele ya uso. Uliandikwa kwanza kwa jina la binti wa Wifi. Kisha: umebadilishwa na Wifi, Jumapili, saa nane mchana.

Jumapili saa nane Wifi alikuwa nyumbani kwa Fundi, akipimwa gauni. Fundi alikuwa ameshika futi ya kupimia, mdomoni pini, anamzunguka kiuno. Chiriku alikuwa amesimama kando ya shangazi yake, anamhesabia vidole. Na shangazi alikuwa na simu mkononi.

"Nilimpigia nikamwomba alifute jina la binti yangu," Wifi alinong'ona. "Akasema halifutiki. Linahamishika tu. Wewe una watatu, wifi. Mimi ninaye mmoja."

Fundi hakumpiga. Alimtazama tu, akaona kwamba uso ule aliouzoea miaka tisa hakuwahi kuusoma hata siku moja.

* * *

Jumatano Fundi alilifuta jina la Chiriku mara kumi na moja. Kila mara lilirudi kabla hajaweka simu chini. Alimtoa mgeni kwenye orodha, duara likarejea. Akaifuta kalenda nzima. Simu ikatafuta, ikatafuta, ikaleta kalenda ile ile, zamu zote mahali pake.

Jioni alimweleza mumewe. Baba Watoto hufanya kazi kiwanda cha magodoro, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni dada yangu yule," alisema.

"Na Chiriku ni mwanao."

"Umejaribu kulihamisha?"

"Kwa nani?" Fundi akasema. "Nimeliwekea kidole. Nimeona sura ya yule mtoto wa dada yako. Kidole kimekataa."

"Linahamishwaje?"

Akamwonyesha. Unalishika, unalivuta, unaandika jina. Alidhani anataka kuelewa tu, kama anavyotaka kuelewa kila mashine.

* * *

Alhamisi hakuna aliyekwenda shule. Fundi alifunga komeo la mlango saa tisa. Simu aliiacha chumbani kwenye chaji, hakutaka kuiona. Alipika mapema, viazi na mayai, akawaita mezani saa kumi na mbili kamili. Wakubwa wawili walikaa upande wa ukutani. Chiriku katikati yao, anaongea kama kawaida yake, habari za paka, habari za jino. Baba Watoto alikuwa chumbani anabadili shati.

"Njoo," Fundi aliita.

"Nakuja."

Saa ya ukutani ikasema na dakika kumi. Na dakika kumi na mbili. Mumewe akatoka, akakaa, akavuta sahani.

Saa ilipofika na robo, Chiriku akanyamaza.

Hakunyamaza kama anayetafuna. Alinyamaza katikati ya neno. Macho yake yalikuwa juu ya bega la mama yake, kwenye mlango uliofungwa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo kutoka mezani. Kama mkono wa mtoto anayevushwa barabara.

Komeo halikusogea. Hakuna aliyebisha. Fundi alimkumbatia mtoto kwa nguvu zote. Mkono ule haukushuka. Ulikuwa wa baridi. Ulivutwa. Yeye alivuta huku, kitu kikavuta kule.

Kisha ukaanguka mezani, kijiko kikalia.

"Ameniachia," Chiriku alisema.

"Nani?"

"Amesema amekosea, si mimi." Akachukua kiazi.

Kwenye mkono wa sweta palikuwa na alama nne na moja, za kijivu kama jivu lililolowa. Vidole virefu vya mtu mzima. Fundi alisugua kwa kitambaa. Hazikutoka.

Alikwenda chumbani. Simu ilikuwa imegeuzwa kifudifudi. Yeye huilaza chali. Akaifungua. Mstari wa Alhamisi ulikuwa bado pale, saa ile ile. Jina lilikuwa la binti wa Wifi. Umebadilishwa na Fundi, saa kumi na mbili na dakika kumi.

Alirudi akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, simu mkononi. Baba Watoto alikuwa anamenya yai, taratibu, hainui macho.

"Umetumia jina langu," Fundi alinong'ona.

"Kaa ule. Kinapoa."

Ng'ambo ya barabara mtu alianza kuita jina la mtoto. Mara moja. Mara mbili. Sauti ilikuwa ya Wifi.

Fundi aliijua namba ya Wifi kwa kichwa. Alilitazama komeo. Kisha akaiweka simu kwenye kabati la vyombo, akafunga dirisha, akaongeza viazi kwenye sahani ya mtoto. Mkubwa. Anayemfuata. Chiriku. Baba yao. Yeye mwenyewe. Akahesabu tena, kwa kidole. Walikuwa watano, wote wapo.