Orodha ya Watu Kumi na Mmoja

Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1972, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mkunga Dorthe Geisler alisukuma mlango wa chumba cha kutunzia taa za wachimbaji katika mgodi wa makaa wa Aamarsuit, akamkuta msimamizi, Eliaser Tobiassen, amelala kifudifudi sakafuni. Mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha moja, na damu iliyogandia kwenye pembe ya rafu ya chuma ilionyesha alipojigonga.

Dorthe alipiga magoti akaichunguza sakafu, na hapo moyo ukamwuma. Kutoka kwenye rafu kuelekea mlangoni palikuwa na mburuzo wa damu, mita moja na nusu hivi. Eliaser hakufa papo hapo. Alijikokota. Ukosi wa koti lake ulikuwa umechanika, alipokamatwa na mtu. Aliyemsukuma alitoka, akaufunga mlango, asimwite mkunga aliyekuwa hatua mia mbili tu kutoka pale.

Nje, upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma kwa siku ya nne. Meli ya mwisho ilikuwa imejibanza nyuma ya rasi ikingoja utulie, na ghubani barafu changa ilikuwa imeanza kushika. Barafu ikiitangulia meli, hakuna wa kutoka mpaka Juni. Mji uliokuwa na watu elfu moja na mia mbili, wenye sinema na bendi ya wachimba makaa, ulikuwa umefungwa na serikali, wakazi wakahamishiwa kusini, ukabakiwa na watu kumi na mmoja wa kufunga milango. Mabomba ya moshi yalikuwa yameng'olewa kwenye kila nyumba isipokuwa ukumbini, na humo ndimo wote walimolala, wakapika na kutazamana. Sasa walikuwa kumi, na mmoja wao alikuwa na damu mikononi.

Kufikia saa nne, Kristoffer Mølgaard, mwenyekiti wa baraza la mji, alikuwa amekwisha kumfungia kijana Aqqaluk kwenye stoo ya baruti.

"Kuna polisi melini," alisema. "Atamchukua."

"Kwa ushahidi gani, Mwenyekiti?"

"Mama Dorthe, sote tulimsikia Jumatano! 'Nitakulaza kama ulivyowalaza mbwa wangu.' Unataka ushahidi gani tena?"

Hilo lilikuwa kweli. Kule kusini walikohamishiwa, mbwa wa kuvuta sleji barafuni hawakuruhusiwa. Amri ilikuja kwamba wapigwe risasi, na Eliaser ndiye aliyeshika bunduki. Aliwaua saba wa Aqqaluk, kisha akaenda kulia nyuma ya ghala.

Dorthe alipeleka chakula stoo. Aqqaluk alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa mikononi mwa Dorthe miezi mitatu baada ya baba yake Dorthe kufa. Miezi ile mitatu jina la mzee lilikuwa limepumzishwa kama desturi inavyotaka, halitamkwi na mtu yeyote, mpaka mtoto huyu alipokuja kulibeba. Tangu siku hiyo Dorthe alimwita Baba.

"Baba, umekula tangu jana?"

"Binti yangu, humu baridi inaweza kumgandisha shetani. Umeniletea nyama ya sili au yale maharage ya mkebe?"

"Maharage."

"Basi heri ninyongwe."

"Usinichekeshe. Jana jioni ulikuwa wapi?"

Aqqaluk aliinamia sahani. "Mahali."

"Mahali gani?"

"Siwezi kusema. Sikumgusa mtu, binti yangu. Nilimtukana, na matusi yale nitayajutia. Lakini sikumgusa."

"Wakikupeleka gereza la Denmark hawasemi utarudi lini. Huko utazungumza na nani kwa lugha yako?"

Aqqaluk akaanza kula maharage. Dorthe alirudi ukumbini akijua kwamba ana muda mpaka upepo utulie, hana zaidi ya huo.

Alianza na saa. Mgodi ulikuwa umesimama tangu Julai, lakini kila siku saa kumi kamili jioni Eliaser alipuliza honi ya kutoa zamu, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. Saa kumi na moja angekuja ukumbini kunywa kahawa. Alhamisi honi ililia. Kahawa yake ilipoa mezani. Basi alipigwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja.

Kisha akarudi chumba cha taa. Kwenye benchi palikuwa na sanduku la majalada ya ofisi, ambayo Eliaser alikuwa akiyafunga kwa ajili ya meli. Yalikuwa ya Kidenmaki, lugha ya serikali, yamepangwa kwa miaka. Baada ya 1967 lilifuata 1969. Aqqaluk hakusoma neno hata moja la Kidenmaki. Angelitakia nini jalada la 1968?

Kati ya kumi waliobaki, waliosoma lugha hiyo vizuri walikuwa watatu: Dorthe mwenyewe, Kristoffer, na Severin wa redio.

"Saa kumi nilikuwa redioni," Severin alisema bila kumtazama.

"Ulikuwa ukiongea na nani?"

"Na meli."

"Daftari lako limeandika meli saa tisa, kisha saa moja usiku."

"Basi nilikuwa naongea na Mungu. Hana haja ya daftari."

Jakobine, mpishi, alikuwa akikata samaki mkavu kwa hasira. "Huyo mwongo," alisema kwa sauti ambayo Severin aliisikia vizuri. "Tangu juzi ananiibia vichwa vya samaki. Mtu mzima!"

"Jana jioni nani alikuwa hapa, Jakobine?"

"Mimi na wale wazee watano, tunacheza karata tangu saa tisa. Hakuna aliyetoka, hata kukojoa. Wengine walikuja saa kumi na mbili, wakati wa orodha." Kila jioni Kristoffer aliwasomea majina ili ajulikane nani yupo. "Akasoma kama kawaida. Dorthe, Severin, Aqqaluk, mimi, na wazee. Akasema, 'Msimamizi wa mgodi.' Kimya. Nami, Mungu anisamehe, nikapayuka jina lake marehemu, nikasema fulani huyo amelala na majalada yake! Nimelitaja jina na mwenyewe yuko baridi sakafuni. Sikujua, dada. Ningejuaje?"

"Hukujua," Dorthe alisema. "Hukufanya kosa lolote."

Lakini vichwa vya samaki vilimkaa akilini kwanza. Severin alikuwa mwembamba kama waya wa redio yake. Vichwa hivyo havikuwa vyake. Saa nane mchana Dorthe alifuata magamba yaliyodondoka kwenye theluji mpaka shule iliyofungwa. Juu ya dari, ndani ya sanduku la ramani, mbwa jike mweupe alimkoromea. Chini ya tumbo lake walikuwapo watoto wanne.

Severin alipoona Dorthe amerudi na manyoya meupe kwenye koti, alikaa kitako.

"Jana saa kumi tulikuwa huko, mimi na Aqqaluk. Jike ni wa Aqqaluk, alimficha siku ile ya risasi, na jana alikuwa anazaa. Tulikaa mpaka karibu saa kumi na mbili."

"Na ukamwacha afungiwe?"

"Aliniapisha, mama! Mwenyekiti angewamaliza wote. Wawindaji wa kijiji cha jirani watapita barafu ikishika, watawachukua. Nilikuwa niseme tukishapanda meli."

"Kwa polisi? Rafiki yake amekumbuka leo kwamba walikuwa pamoja? Nani angekuamini?"

Severin alijifunika uso. Kilio chake kilimwaminisha Dorthe, hata hivyo alirudi kuwakagua: watoto wa mbwa walikuwa na umri wa siku moja, vitovu havijakauka. Katika jambo hilo hakuna aliyeweza kumdanganya.

Ukimwondoa Dorthe mwenyewe, alibaki mtu mmoja tu. Usiku ule Dorthe alisikiliza pumzi za watu ukumbini, na maneno ya Jakobine kuhusu orodha yakamrudia.

Jumamosi, saa saba mchana, upepo ulikatika ghafla. Honi ya meli ikasikika. Watu waliruka kutafuta mizigo, lakini Dorthe alisimama mbele ya mlango.

"Mwenyekiti, tusomee orodha."

"Sasa hivi? Meli inaingia!"

"Ile ya Alhamisi. Naomba uitoe."

Kristoffer aliitoa mfukoni. Dorthe aliichukua, akaigeuza wote waione. Ilikuwa imepigwa chapa, majina kumi na moja, kila jina kwa ukamilifu wake.

"Wiki sita umesoma karatasi hii, na wiki sita umelisoma jina la kumi kama lilivyoandikwa. Alhamisi saa kumi na mbili ulifika hapo ukasema 'Msimamizi wa mgodi.' Jakobine alilitaja jina, kwa sababu kwake yule mtu alikuwa hai. Sote kwetu alikuwa hai mpaka Ijumaa asubuhi. Wewe ulikuwa umekwisha kulipumzisha jina lake."

"Upuuzi! Mimi siyashiki mambo ya mabibi. Ni cheo chake tu, nimemwita kwa cheo."

"Basi liseme sasa. Huyashiki, liseme."

Kristoffer alifungua kinywa. Wote walimtazama mdomo. Haukutoa kitu.

"Bibi yako alikulea vizuri," Dorthe alisema polepole. "Jalada la 1968 liko wapi, Kristoffer? Moto upo hapa ukumbini tu, na hapa tunaonana mchana kutwa. Hukupata pa kulichoma."

Kristoffer alikaa kwenye benchi, akafungua koti, akatoa jalada lenye karatasi mbili. Dorthe alizisoma kwa sauti, akizigeuza Kidenmaki kuwa lugha yao. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mhandisi: makaa ya Aamarsuit yanatosha miaka thelathini. Ya pili ilikuwa barua ya baraza: wakazi wote wamekutana na kuridhia mji ufungwe. Chini, sahihi moja.

"Tulikutana lini?" Jakobine aliuliza. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Hatukukutana." Sauti ya Kristoffer ilikuwa ndogo. "Waliniambia mji utafungwa, nikubali nisikubali. Nikitia sahihi, kila familia itapata nyumba yenye maji ya bomba. Nisipotia, mtatawanywa kama taka. Nilifanya kwa ajili yenu. Yeye aliziona Alhamisi akifunga majalada. Akasema Jumapili atazisoma kanisani. Nikamshika koti, nikamsukuma. Sikukusudia."

"Ungetuuliza," alisema Severin.

"Mngekataa!"

"Ndiyo," alisema Dorthe. "Ndiyo maana ya kuulizwa."

Kisha akauliza swali lililomkosesha usingizi. "Ulipofunga mlango, alikuwa anapumua?"

Kristoffer alitazama mikono yake. "Alikuwa ananiita."

Jakobine alitoka nje, akauacha mlango wazi.

Dorthe alikwenda mwenyewe kufungua stoo ya baruti. Aqqaluk alimsikiliza mpaka mwisho, hakutukana. Aliuliza tu kama mbwa wameachiwa chakula.

Polisi hakumfunga mikono Aqqaluk wala Kristoffer. Dorthe alimpa karatasi na maelezo, naye akaona hakuna wa kukimbia wala pa kukimbilia. Mwili wa Eliaser ulitangulia. Mashua ya pili ilichukua kumi waliobaki, ikapasua barafu nyembamba kama kioo. Wazee walijibana upande mmoja. Severin na Jakobine walijibana upande mwingine. Katikati Kristoffer alikaa peke yake, na pembeni yake, kulia na kushoto, ubao ulibaki wazi. Hakuna aliyepanga hivyo. Alianza kutetemeka, akageuza uso asiuone mji ukirudi nyuma.

Aqqaluk alimtazama kwa muda mrefu. Tangu jana asubuhi alikuwa amekaa gizani kwa kosa la mtu huyu, na mtu huyu alikuwa tayari kumwacha humo maisha yake yote. Dorthe alimshika mkono, akidhani anataka kumpiga.

"Niache, binti yangu."

Akanyanyuka, mashua ikayumba, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka kwenye ubao wa Kristoffer.

"Sogea, mzee," alisema. "Baridi."

Akakaa.