Tundu Moyoni mwa Cheche

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu Jumamosi ile. Dada mmoja mchomelea mageti, ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, alikuwa akiulizia rangi, mara mistari ya mwanga ikaanza kumchezea machoni. Akamdaka bega mwanamume aliyekuwa karibu.

"Kaka, usisogee. Nusu yako siioni."

"Nusu ipi?"

"Ya kushoto."

"Umekosa! Hiyo ndiyo nzuri."

Akacheka, kichwa kikianza kupasuka. Mwanamume huyo, fundi umeme, akamkalisha mlangoni juu ya mfuko wa saruji, akasimama kumkinga jua. Mwezi haukuisha kabla hajaanza kumwita Cheche, naye akimwita Waya, na simu zao hazipoi.

Kipandauso kilimlaza Cheche siku nane kila mwezi. Vidonge alivimeza vya kila rangi. Ndipo akatumwa kwa daktari wa moyo, akamwonyesha kwenye picha tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, ambalo lingepaswa kujifunga alipozaliwa, na ambalo huenda ndilo lililochochea kipandauso.

"Tunaweza kuliziba kwa kifaa kidogo, tukipitia mshipa wa pajani," daktari alisema. "Ila nisikudanganye. Wengine kichwa hutulia, wengine wapi! Na hatari zipo."

"Niandike," Cheche akajibu.

Waya aliposikia neno moyo, akili ilimruka. Bila kumwambia Cheche, akaenda kwa mama wa Cheche kuomba binti azuiwe. Jioni hiyo shangazi yake Cheche akafika mbio, viatu mkononi. "Moyo wenye kiraka atauoa nani?"

Cheche akapiga simu. "Waya, umeniendea kwa mama?"

"Mpenzi, naogopa. Dada yangu aliingia chumba cha upasuaji akinipungia mkono. Hakutoka."

"Pole, Waya. Pole sana. Lakini ungeniambia mimi, si kunichongea kama mtoto aliyevunja sahani."

"Bora uumwe, uwe hai."

"Hai? Siku nane kitandani, taulo usoni, unaziita uhai? Usinipigie tena!"

Wiki tatu zikapita bila simu. Siku ya kuzibwa tundu Cheche alivaa gauni la manjano, akapaka rangi ya mdomo, akaenda hospitali. Mama alikuwa amekataa kumsindikiza.

"Umekuja na nani?" muuguzi akauliza.

"Na miguu yangu."

"Na mimi," sauti ikasema nyuma yake. Waya, macho mekundu.

"Umekuja kunizuia?"

"Nimekuja kukubebea mkoba. Nilikosea, Cheche. Bado naogopa, ila woga ni wangu. Nisikutwishe wewe."

Cheche akamtupia mkoba. "Ukiudondosha, nakuacha mara ya pili."

Tundu lilizibwa salama. Miezi sita baadaye, siku nane zilikuwa zimebaki mbili, na hizo mbili zilikuja na ukali ule ule. Shangazi hakukosa la kusema sebuleni, ukoo mzima ukisikiliza.

"Si nilisema? Bado anaumwa!"

"Naumwa siku mbili, shangazi. Sita nimezipokonya, na sizirudishi. Zingebaki nane vilevile, bado ningesema nilijaribu mwenyewe." Akamgeukia fundi umeme, aliyekuwa amejikunja pembeni ya kochi. "Waya, unanioa, au nikuoe?"

Shangazi akashika kifua. Mama akaanza kucheka, akashindwa kujizuia.

Waya akasimama. "Nioe," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.