Mita Isiyosimama

Lilianza kama jambo dogo tu. Kila siku, ikigonga saa tisa alasiri, taa za nyumba ile zilififia na jikoni kukanuka nywele zilizoungua. Mwenye nyumba akamwita kaka yake, fundi umeme, maana ndiye aliyefunga nyaya humo tangu mama yao alipokuwa hai.

"Kaka, labda laini haitoshi," alimwambia, mtoto kambeba kiunoni. "Siku hizi tuna pampu, tuna jiko la umeme. Niombe laini kubwa zaidi?"

Fundi akajumlisha mzigo wa kila kifaa kwenye kipande cha boksi. Laini ilitosha na kubaki. Akazima swichi kuu, akaenda kuitazama mita. Lahaula! Nyumba nzima imezimwa, na kisahani cha mita kinazunguka mbio.

"Kuna kitu kinakula umeme," alinong'ona.

"Si lile jini lililomuua mama?" Dada naye alinong'ona. "Uliyetuambia ni wewe. Juzi mganga alikuja, akaishia mlangoni. Alisema jini hili halikutumwa, liliitwa, na aliyeliita ndiye atakayelitoa, kwa mdomo wake mwenyewe."

Uso ukamwaka fundi. Na ulikuwa na haki ya kumwaka, maana jini halikuwepo. Siku ile ya kufunga nyaya alipungukiwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini usimpige mtu. Akaona uvivu kurudi dukani, akafunika bodi ya swichi, akasema tayari. Baada ya miezi, saa tisa alasiri, mama akashika friji mbovu, na umeme haukumwachia. Waombolezaji walipouliza kulikoni, fundi, na ufundi wake wote, akajibu ni jini. Wakampa pole! Miaka tisa anazila pole hizo asizostahili.

Sasa friji pale jikoni ikaanza kunguruma bila umeme, mngurumo ukapanda ukutani, ukapita ndani ya nyaya alizozilaza kwa mikono yake, chumba hadi chumba, harufu ya nywele ikizidi hadi macho yakawatoka machozi, ukaja ukasimama nyuma ya bodi, usawa wa sikio lake, ukasema kwa utulivu kabisa:

"Miaka tisa unanisingizia. Basi nimekuja kuifanya hiyo kazi. Nianze na nani?"

Mtoto akacheka. Akajivuta kutoka kiunoni mwa mama yake, akainyooshea friji mkono.

"Muongo ni mimi!" Fundi alipiga kelele. "Sikuweka ethi! Mama aliuawa na kazi yangu, jini nililitunga kwa sababu niliona aibu!"

Mngurumo ukakatika. Kisahani kikasimama. Hata ile harufu ikatoweka, jikoni kukabaki sauti ya mtoto akinyonya kidole.

Fundi alitamani dada yake apige ukelele, amzabe hata kofi. Dada alimtazama tu, mpaka fundi akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Siku ya msiba nililia begani kwako," dada alisema. "Ukanibembeleza."

"Mdogo wangu..."

"Toka."

"Nitatoka. Niache kwanza nifunge ethi, mtoto asije..."

Dada alikwisha kumfungulia mlango.

"Nitatafuta fundi," alisema.