Kitinda na Mpira wa Gesi

Kitinda alianika nepi ya mwisho kwenye kamba, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Ilikuwa imekaa upande. Akainyoosha. Zilikuwa nepi kumi na mbili, zote safi. Mkewe alikuwa amejifungua siku kumi na moja zilizopita, na kufua nepi ndiyo kazi pekee ya baba ambayo Kitinda aliona anaiweza sawasawa.

Jina la Kitinda alipewa kwao kwa sababu ndiye mtoto wa mwisho. Mbele yake walikuwepo dada wanne. Walimpikia, wakamfulia, wakampigia pasi hadi soksi. Akikanyaga tu jikoni alifukuzwa, eti atajiunguza. Basi akawa anakaa nje na baba yake, fundi baiskeli, akimtazama akiziba pancha. Akakua, akasoma, akapata kazi ya kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, akaoa. Mambo ya nyumba hakuna aliyemfundisha, na yeye hakuuliza. Mtu mwenye ndevu zake ataanzaje kuuliza mtungi wa gesi unafungwaje?

Na leo ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote za kuuliza. Mama mkwe alikuwa njiani. Alikuwa anakuja kumsaidia binti yake na mtoto. Kitinda alimheshimu mama huyu, lakini zaidi alimwogopa. Siku ya posa alimtazama Kitinda kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha akauliza mbele ya watu wote, "Na huyu, nyumba ataiweza?" Watu walicheka. Kitinda naye alicheka, lakini swali lile lilimkaa kooni mpaka leo.

Asubuhi ile gesi ilikwisha maji ya mzazi yakiwa hata hayajapata moto. Muuza gesi alileta mtungi mwingine, akautua jikoni.

"Nikufungie?" aliuliza.

"Weka tu hapo," Kitinda alisema. "Najua."

Hakujua. Alihangaika na kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, ambacho watu hukiita regyuleta. Katika kuvuta na kusukuma, mpira wa gesi ukachomoka. Ulikuwa mpira wa zamani, mgumu, umepasukapasuka pale mwishoni. Aliurudisha kwa nguvu lakini ukawa unalegea. Hapo Kitinda akafanya kama walivyofanya kwao siku zote. Nyumbani kwa fundi baiskeli, kila kinachovuja hufungwa kwa ukanda wa tyubu. Ndoo ilifungwa tyubu. Bomba la maji lilifungwa tyubu. Hata mguu wa kiti ulifungwa tyubu, na kiti hakivuji. Kitinda akatafuta ukanda wake, akauzungusha kwenye mpira wa gesi mara sita, akakaza, akapiga fundo.

Akafungua koki ya mtungi, akawasha jiko. Moto ukawaka wa bluu, mzuri. Alichemsha maji, akapika chai, akampelekea mkewe kitandani. Alijisikia mwanamume wa maana. Akazima jiko, lakini koki ya mtungi akaiacha wazi. Kisha akafunga madirisha yote ili mtoto asipigwe na upepo, akaenda uani kuanika nepi zake.

Sasa alikuwa anarudi ndani na beseni tupu. Mkewe alimwita kutoka chumbani.

"Baba mtoto, kuna harufu. Kichwa kinaniuma."

"Ni mtungi mpya," alijibu. "Itakwisha."

Alisema hivyo akiwa hana hakika hata kidogo. Jikoni harufu ilimpiga usoni. Alisikiliza. Kitu kilikuwa kinalia polepole karibu na mtungi, sss, sss, bila kukoma. Mama mkwe angefika wakati wowote, na nyumba inanuka gesi. Ilibidi ajue inavujia wapi, haraka, kabla mtu hajagundua. Akamkumbuka dada yake mkubwa. Yeye alikuwa akiwasha kibiriti na kukipitisha kwenye mpira, na penye tundu panashika kamoto kadogo.

Kitinda akachukua kibiriti. Akatoa kijiti.

"Rudisha hicho kijiti ndani," sauti ilisema kutoka mlango wa uani.

Alikuwa jirani yao, mama mmoja mwenye karakana ya kuchomelea mageti kwenye kona ya ua. Watu walimwita Bi Cheche. Alikuwa bado amevaa glavu zake nene. Hakupaza sauti, na ndiyo maana Kitinda aliogopa.

"Bi Cheche, naangalia tu inavujia wapi..."

"Ukiwasha hicho, hutaangalia kitu kingine tena. Kiweke chini. Usiguse swichi ya taa."

Kitinda alishtuka kuona mkono wake mwingine ulikuwa tayari umekwenda kwenye swichi, kwa mazoea tu. Akaurudisha.

"Taa imezimwa," alisema.

"Usiiwashe. Na ingekuwa inawaka, usingeizima. Swichi hutoa cheche ndogo ndani, wewe huioni, lakini gesi inaiona. Sasa funga koki ya mtungi. Zungusha kwenda kulia, kama unafunga bomba la maji."

Kitinda aliinama, akazungusha. Koki ilizunguka, ikagota. Ile sauti ya sss ikapungua, ikanyamaza.

"Vizuri. Mke na mtoto wako wapi?"

"Chumbani."

"Watoe nje sasa hivi. Simu zenu msizishike humu ndani. Ukishawatoa, fungua milango na madirisha yote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai juu. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda. Iache itoke."

Kitinda alikimbia chumbani. Mkewe alimtazama usoni mara moja tu. Alimbeba mtoto, akatoka bila viatu hadi uani, akakaa mbali, karibu na karakana. Bi Cheche alikuwa ameshazima mashine zake. Alimweleza mama mtoto kwamba alikuwa karibu kuanza kuchomelea geti, akasikia harufu, akaiacha kazi palepale.

Kitinda alifungua madirisha. Akafungua mlango wa mbele, ule wa barabarani, akauacha wazi. Kisha akarudi uani mbio. Nyumba yao ilikuwa ndogo. Mtu akisimama uani aliona jikoni, sebuleni, hadi barabarani, moja kwa moja.

Mtoto alianza kulia kwa nguvu. Na hapo Kitinda akamwona mama mkwe.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele, mkoba mkubwa begani. Midomo yake ilikuwa inasogea. Bila shaka alikuwa anapiga hodi, lakini kilio cha mtoto kiliifunika sauti yake. Mlango ulikuwa wazi, ila yeye hakuwa mtu wa kujiingilia tu nyumbani kwa mkwewe. Alingoja. Hakuna aliyemkaribisha. Akainua mkono kwenye kitufe cha kengele.

Kengele yenyewe ilikuwa ya umeme. Ilitundikwa ndani, ukutani, hatua mbili kutoka jikoni.

Kitinda hakuwahi kumwangalia mama mkwe machoni. Alipoongea naye aliinamisha kichwa, na sauti aliiteremsha. Sasa alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Usiguse! Ondoa mkono! Rudi nyuma!"

Hakusema shikamoo. Hakusema mama. Kidole cha mama mkwe kilisimama kando ya kitufe. Alitazama ndani kama mtu aliyetukanwa. Kwa muda Kitinda hakujua mama huyo atafanya nini. Kisha mama akashusha mkono, akarudi nyuma hatua moja, akatoweka mlangoni.

Alizunguka kwa njia ya pembeni, akaingia uani. Aliutua mkoba. Alimtazama binti yake, akamtazama mjukuu, kisha akamgeukia Kitinda.

"Umenifukuza mlangoni kwako," alisema.

Kitinda alimweleza kwamba gesi ilikuwa imevuja, na kengele ingeweza kuiwasha. Mama mkwe aliinusa ile harufu iliyobaki hewani. Alipoelewa, mkono wake uliokaribia kitufe aliuficha chini ya kwapa.

"Mtungi nani aliufunga?" aliuliza.

Hapo palikuwa pagumu kuliko jikoni. Jibu rahisi lilikuwepo, muuza gesi. Hayupo, hatasikia, na hakuna atakayekwenda kumuuliza. Kitinda alifungua mdomo kulisema. Akamwona mkewe, amekaa kwenye benchi la karakana na miguu mitupu, amemkumbatia mtoto, anamtazama yeye.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia muuza gesi najua. Sikujua. Mpira ulikuwa umepasuka, nikaufunga kwa tyubu ya baiskeli. Harufu ilipotoka nikamdanganya mwanao. Niliona haya kuuliza, mama. Nilikuogopa wewe."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Bi Cheche alivua glavu zake polepole.

"Na penye kuvuja ulitaka kupima na nini?" mama mkwe aliuliza.

"Na kibiriti."

Mama mkwe alikaa kwenye benchi, kando ya binti yake. "Mimi nyumbani kwangu napima na kibiriti," alisema. "Huu mwaka wa tisa. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikumuuliza mtu. Mtu mzima kama mimi."

Walikaa uani zaidi ya nusu saa, hadi harufu ikaisha kabisa. Bi Cheche alisema kwamba kama gesi ingeendelea kulia baada ya koki kufungwa, wangeondoka mbali na kuwapigia simu zimamoto wakiwa nje. Pia alimwambia mkewe Kitinda kwamba kichwa chake kisipopoa aende zahanati. Kilipoa.

Kisha wakaenda dukani, Kitinda na Bi Cheche. Walinunua mpira mpya, ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi na ulioandikwa hivyo ubavuni, pamoja na vibano viwili vya chuma. Bi Cheche alikataa kufunga yeye. Alisimama kando, akaeleza tu.

"Mtungi ukae wima siku zote. Sukuma mpira hadi mwisho. Bado. Mwisho kabisa. Sasa weka kibano, kaza kwa bisibisi. Na upande wa jiko vilevile. Mpira huu usikae miaka na miaka, angalia tarehe yake. Ukiona ufa, unatupa. Haufungwi kwa tyubu, haufungwi kwa gundi, wala kwa kitambaa."

"Na nitajuaje kama hauvuji?" Kitinda aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza, na halikumuua.

"Koroga sabuni na maji kwenye kikombe. Jiko liwe limezimwa. Fungua koki, halafu paka povu kwenye kila kiungo, na mpira wote. Penye kuvuja, povu litavimba."

Kitinda aliinama na brashi. Karibu na regyuleta, povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena. Alicheka peke yake.

"Hii naijua," alisema. "Baba huzamisha tyubu kwenye beseni. Penye pancha panatoa viputo."

"Basi nusu ya kazi ulishafundishwa," Bi Cheche alisema. "Funga koki, kaza kibano, upime upya."

Alikaza, akapima tena. Povu likatulia. Mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, aliinyoosha mikono yake akaomba brashi. Alipaka povu kiungo kimoja kimoja, akiwa ameinama hadi pua yake ikakaribia mtungi. Alirudia mara tatu. Kisha akaamuru kuanzia leo koki ifungwe kila baada ya kupika, na dirisha la jikoni liachwe wazi, na mtoto akingwe upepo kwa mlango wa chumbani.

Wiki ile Kitinda alizunguka ua mzima na kikombe chake cha sabuni. Nyumba zilikuwa sita. Mipira minne ilikuwa na nyufa, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Yote ikabadilishwa. Wenyewe walimkaribisha, maana hakuwacheka.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea jioni ya siku ileile ya gesi, jua likiwa bado halijazama. Mama mkwe alikuwa chumbani, ametayarisha beseni la maji ya kumwogeshea mtoto. Siku zote kumi na moja, wakati wa kuogeshwa mtoto ukifika, Kitinda alipata sababu ya kutoka. Mara nepi, mara dukani. Leo alisimama mlangoni.

"Mama," alisema, "na hili pia silijui. Naogopa nitamwangusha."

Mama mkwe hakugeuka.

"Kwanza kiwiko chako kwenye maji," alisema. "Unasikiaje?"

"Vuguvugu."

"Sawa. Sasa mkono wa kushoto, chini ya shingo yake. Usimbane. Mshike tu asiteleze." Alimwachia mtoto, akasogea, na mikono yake mwenyewe akaiweka nyuma ya mgongo.