Aliyeitika Kwenye Stoo ya Pamba

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema ili ujue niliteseka kiasi gani. Nikikuta unywele kwenye ugali, sili siku mbili.

Jumamosi ile, saa kumi na mbili na robo jioni, nilishuka kwenye bajaji pale Migato nikiwa na mtoto mgongoni, kilo ya sukari mkononi, na Mzee Ngassa nyuma yangu anahema. Tulikwenda kumpa mtoto jina moja tu. Nusu saa, halafu turudi zetu Bariadi.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano. Kwenye cheti anaitwa Precious, lakini jina la nyumbani hakuwa nalo. Kila jua likizama alilia mpaka sauti inakauka. Ziwa analitema. Alikonda, ngozi ikamlegea mapajani kama ya kizee. Hospitali walipima wakachoka. Mama mkwe akanieleza wazi.

"Esteria, kuna marehemu wa kwenu anataka jina lake lirithiwe. Mtafute, la sivyo utamzika huyo mtoto."

Nimtafute wapi? Baba yangu alifariki sijaota meno, na kwao simjui mtu. Ndipo nikajiunga na kikundi cha Mzee Ngassa, wastaafu sita wanaokutana kila Jumamosi kuandika koo za watu. Wanapekua madaftari ya ubatizo, wanapiga picha makaburi, wanahoji vikongwe. Wana sheria moja: marehemu haandikwi kwa wino mpaka wapatikane mashahidi wawili walioiona maiti yake. Kabla ya hapo ni penseli.

Wiki ya tatu wakampata. Milembe, dada mdogo wa baba. Alikufa mwaka themanini na tatu, ana miaka kumi na saba, hajaolewa. Hakuna mtoto aliyerithi jina lake. Shahidi alikuwa mmoja tu: Shangazi Sayi, mkubwa wao, anayeishi peke yake kwenye mji wa zamani wa wazazi wao huko Migato. Mzee Ngassa alishakwenda kumhoji, akaonyeshwa na kaburi.

"Ndiye huyu anayelia," alisema. Akamtazama mtoto, akamwonea huruma. "Shahidi wa pili ni kaburi. Kaburi halidanganyi."

Akaandika kwa wino. Loo, yule mzee na huruma yake!

Tulimkuta Shangazi Sayi uani anapepeta mahindi. Pumba alikuwa anazikusanya kwenye sufuria, taratibu, hataki hata kidogo zimwagike.

"Mwadila, mayu," Mzee Ngassa alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila."

Nikapiga goti, nikampa sukari. Ana miaka sabini na kitu, mgongo umepinda, lakini nyuma ya nyumba pamba ilikuwa imesimama heka sita, safi, haina gugu hata moja.

"Shangazi, unalima na nani?"

"Na Mungu."

"Na pumba hizo? Unafuga nguruwe?"

"Sifugi kitu."

Nikacheka. Mjinga mimi!

Ila harufu… Jamani, ile harufu. Ilitoka kwenye stoo ya pamba, pembeni mwa nyumba. Pumba zilizochacha, mkojo wa siku nyingi, na kitu kingine kitamu kitamu, kama nyama iliyosahauliwa kapuni. Pamba ya msimu uliopita ilishauzwa, lakini mlango ulikuwa na kufuli kubwa.

"Panya wamefia humo," Shangazi alisema kabla sijauliza.

Mzee Ngassa akaeleza shida yetu. Aliposema Milembe, ungo ulisimama hewani.

"Mpeni jina jingine."

"Mayu, anayelia ni Milembe. Si ulisema ulimzika mwenyewe?"

Akaanza kupepeta tena.

"Nilimzika," akanong'ona. Hakututazama.

Kwa ukoo wetu, jina la marehemu hutolewa mlangoni pa nyumba ya wazee, jua likizama. Mtu mzima anajaza mdomo maji ya unga, anamwita marehemu mara tatu, na kila akiita anampulizia mtoto usoni. Sasa Mzee Ngassa anaweka ugoro mdomoni na meno yamebaki manne. Nilifumba macho nikajisemea, vumilia Esteria, ni kwa ajili ya mwanao.

"Milembe! Njoo uchukue jina lako."

Pfuuu. Mate na unga. Mtoto akalia kwa nguvu.

"Milembe!"

Pfuuu. Matone ya ugoro yakanirukia mdomoni. Nikatema.

Kwaru… kwaru… Kitu kilikuwa kinakwaruza mbao.

"Milembe!"

"Abee."

Mtoto alinyamaza.

Nilifumbua macho. Sauti ilikuwa ya msichana, ya adabu, kama ameitwa kutumwa maji. Ilitoka stoo.

Kibuyu cha maji ya unga kilimponyoka Mzee Ngassa. Aliyekufa haitiki. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

"Mayu," alinong'ona, "nani yumo humo?"

Shangazi alikuwa amekaa chini, miguu kaitupa mbele. "Niliwaambia mpeni jina jingine," alisema.

Ubao wa chini ya mlango ulikuwa umeoza. Ukameguka. Ukatoka mkono, kucha zimejikunja, udongo mweusi umejaa, kiganja kigumu kama kisigino. Halafu kichwa.

Alikuwa msichana. Wa miaka kumi na saba, si zaidi.

Gauni lilikuwa limeozea mwilini mpaka hujui nguo inaishia wapi. Puani alikuwa na pamba, ile wanayowawekea maiti. Mdomoni pia, imelowa, ya njano. Sijui aliitika vipi na pamba yote ile. Akaanza kuivuta. Ikaja ndefu, na ute, na nyuma yake pumba zikamwagika kidevuni, zina wadudu weupe wanatembea.

Akaja kwa magoti. Nataka kukimbia, ameshanishika kitenge. Akainama juu ya mwanangu, akamlamba yale maji ya unga usoni. Polepole. Shavu moja, halafu la pili, halafu macho.

Nilitapika. Nilitapika juu ya kitenge changu na juu ya mkono wake, naye hakujali.

Kisha akapumua, pumzi ya mtu aliyetua mzigo, akalala ubavu. Na mwili ule ukaanza kufanya kwa dakika moja kazi ya kuoza ya miaka arobaini. Sitasimulia zaidi. Bado nanawa.

Shangazi Sayi alilia machozi ya kweli.

"Nani sasa atanipalilia? Nani?"

Akafuta kamasi kwa mgongo wa mkono. Akamtazama mwanangu. Akamtazama muda mrefu, uso ukaanza kuchangamka.

"Basi," alisema. "Milembe ni huyu."

Tulikimbia mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo mtoto halii. Ananyonya, amenenepa, mama mkwe kachinja kuku wa shukrani. Nilimwendea Mzee Ngassa nikamtukana vya kutosha, nikamwambia afute. Akanionyesha daftari. Alishakwangua jina kwa wembe mpaka karatasi imetoboka.

"Lililoitikiwa halifutiki, mama," alisema.

Nyumbani nimepiga marufuku. Ni Precious, basi. Atakayesema jina lile tutakosana.

Lakini juzi asubuhi nilipokuwa namwogesha, alinitia vidole mdomoni, kama watoto wanavyofanya. Nikasikia ladha ya udongo. Nikamfungua viganja.

Malengelenge. Manne huku, matatu huku. Moja limepasuka, maji yake nimeshayameza. Chini ya kucha, udongo mweusi. Na analala kifuani kwangu, mlango nimefunga kwa komeo!

Bado nilikuwa nimeinamia beseni nikitapika, simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa Shangazi Sayi.

"Mpe maziwa ya kutosha, mayu," alisema kwa upole. "Bado heka nne."