Kahawa Chini ya Kanisa la Elk Fork

Kahawa ilianza kunukia kanisani, na kanisa lile halina jiko.

Jiko lilibaki shambani. Kamati yetu ya majengo ya kale ilipoamua kuliokoa kanisa la Walutheri, tulilipandisha juu ya magurudumu, tukalivuta hadi mjini, kando ya mahakama ya kaunti, tukaliweka juu ya zege tupu. Chumba cha chini, akina mama walimokuwa wakipika chakula cha msiba, tukakifukia. Makaburi nayo tukayaacha huko huko kwenye mahindi. Tena tukapiga makofi, wajinga sisi!

Verlys Tollefson, mtunza funguo wa kanisa, ndiye pekee aliyeinusa kahawa hiyo. Mara ya kwanza, siku ile ile akafa fundi wa saa ya mahakama. Mara ya pili, mwalimu mstaafu. Watu wakaanza kumtania: "Verlys, leo umenusa nini? Nikaandike wosia?" Akaacha kusema.

Alasiri moja ya mavuno, akifuta vumbi kwenye viti, harufu ikaja tena, kahawa na nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Mumewe, Arlo, alikuwa shambani na mashine ya kuvunia. Akampigia simu.

"Arlo, uko salama?"

"Salama, mke wangu. Mashine tu imekata mkanda. Nakuja mjini kununua mwingine, nitakupitia."

"Usije! Kaa hapo hapo, tafadhali."

"Una nini wewe?" Akacheka, akakata simu.

Verlys akakimbilia mlango aufunge kwa ndani, ufunguo ukakataa kuzunguka, na chini ya miguu yake, ndani ya zege ambalo hata panya hapenyi, akasikia sahani zikipangwa, vikombe vikigongana, viti vikiburutwa, na sauti za akina mama waliozikwa zamani zikinong'onezana kwa upole ule ule wa msibani, zikiulizana kama mkate utatosha.

Mlango ukafunguka. Arlo huyo, vumbi la mahindi hadi kwenye nyusi.

"Nani anapika?" akauliza kwa furaha. "Harufu nimeipata tangu barabarani!"

"Twende nje, Arlo," akanong'ona. "Nakuomba, twende."

"Ngoja nikae kidogo. Nimechoka ghafla."

Akaketi kiti cha nyuma, akafumba macho. Verlys akauvuta mkono wake kwa nguvu zote, akilia, na mkono haukuvutika. Huko chini kelele zikakoma. Mama mmoja akasema kwa huruma, kama tusemavyo hapa kila tunapotoka kuzika:

"Haya jamani, tumpishe mjane. Yeye ndiye wa kwanza kujipakulia."